Kwa nini chakula cha msaada huchelewa kaunti zinapokumbwa na janga la maradhi

KILA maradhi ya kuambukiza yanapozuka, agizo la kwanza la wakuu wa afya huwa ni lile lile: watu wapunguze kutembea, masoko yafungwe, waliougua na waliokaribiana nao watengwe. Kitabibu, agizo hilo halina kasoro. Lakini kwa mama mboga anayenunua unga wa jioni kwa mauzo ya mchana, au kibarua anayelipwa kila jua linapotua, kukaa nyumbani maana yake ni kulala njaa.

Hapo ndipo suala la chakula cha msaada linapoacha kuwa la hisani na kuwa sehemu ya tiba. Mgonjwa asiye na chakula nyumbani hatajitenga. Atatoka, atapanda matatu, ataingia sokoni, na maradhi yataingia pamoja naye. Mwenye njaa hana miiko, na hakuna askari wa kutosha kumzuia mtu anayetafutia watoto wake mlo.

Kenya ililiona jambo hili waziwazi mnamo 2020. Kisa cha kwanza cha Covid-19 kilipotangazwa Machi 13 mwaka huo, takriban wafanyakazi wanane kati ya kila kumi nchini walikuwa katika sekta isiyo rasmi. Hawakuwa na mshahara wa mwisho wa mwezi wala likizo ya malipo. Kafyu ilianza Machi 27. Mapema Aprili, Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku usafiri wa kuingia na kutoka eneo la jiji la Nairobi na kaunti za Mombasa, Kilifi na Kwale. Mandera ilifuata baadaye mwezi huo. Kuanzia Mei 6, mtaa wa Eastleigh jijini Nairobi na Mji wa Kale mjini Mombasa ilifungwa, na wakazi wakazuiwa kutoka au kuingia kwa wiki kadhaa.

Katika maeneo hayo yote, wananchi waliuliza swali moja: chakula kitatoka wapi? Wengi walielekeza swali hilo kwa gavana, na si kwa makosa, kwa sababu afya ni jukumu lililogatuliwa. Majibu yaliyotolewa yalitofautiana kutoka kaunti moja hadi nyingine. Tofauti hizo hazikutokana na huruma au ukatili wa viongozi pekee, bali pia na jinsi sheria za fedha za umma zilivyoundwa. Ni muhimu mwananchi azielewe sheria hizo, kwa kuwa janga jingine halitabisha hodi.

JUKUMU LA NANI?

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinasema kwamba kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa na ya kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Kifungu hicho hakitaji serikali ya kitaifa peke yake wala kaunti peke yake. Kinazifunga zote mbili.

Jedwali la Nne la Katiba, ambalo hugawa majukumu kati ya ngazi hizo mbili, linaweka udhibiti wa majanga pande zote. Serikali ya kitaifa imepewa jukumu hilo, na kaunti nazo zimepewa udhibiti wa majanga pamoja na huduma za kuzima moto. Kaunti ndizo zinazosimamia zahanati, vituo vya afya na hospitali zilizo katika maeneo yao, ilhali serikali ya kitaifa imebaki na sera ya afya na hospitali kuu za rufaa.

Mgawanyo huu una faida, kwa maana anayeishi karibu na mgonjwa ndiye anayejua hali yake. Lakini una hatari pia. Jukumu lenye wenyewe wawili ni rahisi kukosa mwenyewe. Waziri atasema kaunti zimepewa fedha, na gavana atasema fedha hazijafika.

Kuna mzizi wa kihistoria pia. Kabla ya kaunti kuanza kazi mnamo 2013, mabaraza ya miji na wilaya hayakuwa na shughuli kubwa katika ugavi wa chakula cha msaada. Kazi hiyo ilifanywa na serikali kuu kupitia wizara ya mipango maalum, na magunia yalipita mikononi mwa mkuu wa wilaya, mkuu wa tarafa, chifu na naibu wake. Ugatuzi ulipoingia, mfumo huo wa utawala haukuvunjwa. Chifu alibaki chini ya serikali ya kitaifa, na kando yake kukazuka msimamizi wa wadi aliye chini ya gavana, na diwani aliyechaguliwa na wananchi. Hivyo, katika kijiji kimoja, watu watatu wanaweza kuwa na orodha tatu za wahitaji zisizolingana.

Jijini Nairobi mambo yalitatanika zaidi. Februari 25, 2020, wiki chache kabla ya kisa cha kwanza kutangazwa, kaunti hiyo ilitia saini mkataba wa kukabidhi serikali ya kitaifa majukumu kadhaa, yakiwemo ya afya. Idara mpya ya Huduma za Jiji la Nairobi ilianza kazi Machi, ugonjwa nao ukiwa umeshaingia. Mkazi wa mtaa wa mabanda aliyetaka kujua ni ofisi ipi imlishe alikuwa na milango kadhaa ya kubisha, na kila mlango ulikuwa na sababu ya kumwelekeza kwingine.

MIFUKO YA FEDHA

Fedha za kaunti kununua chakula cha dharura zinaweza kutoka katika mifuko minne.

Wa kwanza ni Hazina ya Dharura ya Kaunti. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaruhusu serikali ya kaunti, kwa idhini ya bunge lake, kuanzisha hazina hii. Waziri wa fedha wa kaunti ndiye msimamizi wake. Anaweza kutoa fedha pale tu anaporidhika kwamba kuna hitaji la haraka lisiloweza kutabiriwa, ambalo halikutengewa fedha katika bajeti, na ambalo linatishia maisha au maslahi ya watu, au mazingira. Janga la maradhi linaingia katika maelezo hayo bila shaka yoyote.

Hata hivyo, kuna mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza, neno lililotumiwa katika sheria ni “inaweza”, si “lazima”. Kaunti isiyoanzisha hazina hii haijavunja sheria, ila siku ya janga itajikuta haina mfuko wa haraka. Pili, kuna kikomo: malipo hayawezi kupita asilimia mbili ya jumla ya mapato ya kaunti, kama yanavyoonekana katika hesabu zilizokaguliwa za mwaka wa fedha uliotangulia.

Hesabu ndogo itafafanua maana ya asilimia mbili. Chukulia kaunti ambayo mapato yake kwa mwaka ni Sh8 bilioni. Asilimia mbili ni Sh160 milioni. Ikiwa pakiti moja ya unga, maharagwe, mchele, mafuta ya kupikia, chumvi na sabuni, ya kutosha familia moja kwa wiki mbili, inagharimu Sh2,500, hazina yote itanunua pakiti 64,000. Iwapo watu wanatakiwa kukaa nyumbani kwa miezi mitatu, kila familia itahitaji pakiti sita. Kwa hivyo, fedha hizo zitalisha familia zisizozidi 10,700. Na hapo bado gharama ya kusafirisha na kupakia haijaguswa, wala shilingi moja haijabaki kwa ajili ya mafuriko au moto wa sokoni katika mwaka huo huo.

Mfano wa misiba kufuatana haukubuniwa. Katika miezi hiyo hiyo ya 2020, nzige wa jangwani walikuwa wakila mimea katika kaunti nyingi za kaskazini, mashariki na Bonde la Ufa, huku mafuriko ya msimu wa mvua za masika yakiua takriban watu 200 na kuhamisha maelfu ya wengine. Kaunti moja iliweza kupigwa na mapigo yote matatu kwa pamoja.

Mfuko wa pili ni bajeti ya ziada. Sheria hiyo hiyo ya 2012 inaruhusu kaunti kutumia fedha ambazo hazikuidhinishwa awali, mradi zisizidi asilimia kumi ya bajeti iliyopitishwa na bunge la kaunti kwa mwaka huo, isipokuwa bunge lenyewe likubali kiwango cha juu kwa sababu maalum. Huu ndio mlango mpana zaidi. Lakini bajeti ya ziada haizalishi fedha mpya. Mara nyingi huhamisha fedha zilizotengewa barabara, madarasa ya chekechea au visima na kuzipeleka kwenye dharura. Diwani anayeombwa kuipitisha anajua kwamba barabara ya wadi yake ndiyo itakayosimama.

Mfuko wa tatu ni fedha za masharti kutoka serikali ya kitaifa na wafadhili. Mnamo 2020, kaunti zilipewa Sh5 bilioni kukabiliana na Covid-19. Jinsi jina lake linavyoonyesha, fedha hizi huja na masharti, na uzito wake uliwekwa kwenye mambo ya hospitali kama vile vitanda vya kutenga wagonjwa, mavazi ya kujikinga na vifaa vya kupimia. Kaunti haiwezi kuzigeuza kuwa maharagwe kwa sababu tu wananchi wana njaa.

Wa nne ni michango ya kampuni, makanisa, misikiti na watu binafsi. Msaada huu huwahi kufika kuliko fedha za serikali, kwa kuwa hauhitaji idhini ya bunge. Udhaifu wake ni kwamba hautabiriki, na ni mwepesi kuchanganyikana na siasa. Aprili 2020, aliyekuwa gavana wa Nairobi Mike Sonko alitangaza kwamba pakiti za msaada alizokuwa akigawa zingekuwa na chupa ndogo za pombe aina ya Hennessy, akidai kwamba husafisha koo. Watengenezaji wa kinywaji hicho walilazimika kujitokeza kueleza kwamba hakizuii virusi. Wengi walicheka, lakini kisa hicho kilionyesha jinsi mpaka kati ya msaada wa umma, hisani ya kiongozi na kampeni unavyoweza kufutika.

SAFARI YA SHILINGI

Hata kaunti inapokuwa na fedha kwenye vitabu, kuna safari ndefu kati ya kitabu na sufuria.

Fedha zote za kaunti huingia katika Hazina ya Mapato ya Kaunti. Kwa mujibu wa Kifungu cha 207 cha Katiba, hakuna anayeweza kuzitoa humo bila idhini ya Msimamizi wa Bajeti, ambaye kazi yake ni kuhakikisha kwamba kila shilingi imeruhusiwa kisheria. Baada ya idhini hiyo, fedha huhamishiwa akaunti ya matumizi, kisha malipo hupitia mfumo wa kielektroniki wa IFMIS kabla ya kumfikia mwenye ghala.

Kila hatua ina sababu yake nzuri, na historia ya uporaji wa mali ya umma nchini inatosha kueleza kwa nini milango ni mingi. Tatizo ni kwamba hatua hizi ziliundwa kwa ajili ya nyakati za kawaida, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Katika suala hili matumbo yanaumia kweli.

Kalenda nayo huchangia. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1 na kumalizika Juni 30. Covid-19 ilibisha katikati ya Machi, wakati ambapo sehemu kubwa ya bajeti ilikuwa imetumika au imefungwa kwenye mikataba. Mabunge kadhaa ya kaunti yalikuwa yamesitisha vikao kwa kuhofia maambukizi, na bila kikao bajeti ya ziada haipiti.

Wakati huo huo, mapato ya kaunti zenyewe yalikuwa yakiyeyuka. Masoko yalipofungwa, ushuru wa soko ulikatika. Magari yalipopungua, ada za kuegesha zilipungua. Hoteli za Pwani zilipofunga milango, ada zake zilipotea. Kwa jumla, kaunti zilikusanya takriban Sh40 bilioni kutoka vyanzo vyao katika mwaka wa fedha wa 2018/19, lakini kiasi hicho kilishuka hadi takriban Sh36 bilioni katika mwaka wa 2019/20. Maradhi yale yale yaliyoongeza hitaji la chakula ndiyo yaliyopunguza uwezo wa kukinunua.

Kisha ukaja mvutano wa Seneti. Maseneta walikwama kuhusu mfumo mpya wa kugawanya Sh316.5 bilioni baina ya kaunti 47, baadhi wakitaka idadi ya watu ipewe uzito zaidi, wengine wakihofia kwamba kaunti kame zingenyang'anywa mabilioni. Mjadala uliahirishwa mara kadhaa kuanzia katikati ya mwaka, na suluhu ilipatikana Septemba 17, 2020, baada ya Rais kuahidi nyongeza ya Sh50 bilioni kwa kaunti katika mwaka uliofuata. Kwa miezi hiyo yote, mwaka mpya wa fedha ukiwa umeanza, kaunti zilikosa mgao wao, na Baraza la Magavana likatishia kusimamisha shughuli. Maseneta walikuwa wakipigania haki za watu wao, lakini virusi havikungoja kura.

CHAKULA AU FEDHA TASLIMU?

Fedha zinapopatikana, kaunti hukabiliwa na uamuzi mwingine: inunue chakula na kukigawa, au iwape watu fedha wajinunulie.

Chakula kina faida pale masoko yamefungwa au bei zimepaa kiasi kwamba fedha hazinunui kitu. Lakini kununua chakula kwa wingi kunahitaji zabuni. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya 2015 inaruhusu ununuzi wa moja kwa moja, bila ushindani, pale kuna hitaji la dharura na njia nyingine haiwezekani. Ruhusa hiyo ni ya lazima, na pia ndiyo mwanya unaopendwa na walaji rushwa. Gunia lililouzwa bila ushindani linaweza kugharimu kaunti mara mbili ya bei ya dukani.

Kuna suala la usalama wa chakula chenyewe pia. Mnamo 2004, watu 125 walikufa mashariki mwa nchi, hasa katika maeneo ya Makueni na Kitui, baada ya kula mahindi yenye sumukuvu. Serikali inayonunua nafaka kwa pupa bila kuzipima inaweza kuondoa njaa na kuleta kifo. Gharama ya kupima ni sehemu ya gharama ya msaada.

Isitoshe, chakula huvuta umati, na umati ndio hasa usiotakiwa wakati wa maradhi ya kuambukiza. Aprili 10, 2020, msongamano ulizuka Kibera watu waliposukumana kupata msaada, na kadhaa wakajeruhiwa huku polisi wakitumia vitoa machozi. Serikali ilitaka baada ya hapo misaada ipitishwe kwa utaratibu wa pamoja. Mombasa, kwa upande wake, ilichagua kupeleka vyakula nyumba kwa nyumba. Utaratibu huo huhitaji magari, watu na orodha nzuri, lakini haukusanyi wagonjwa na wazima mahali pamoja.

Fedha taslimu kupitia simu hazihitaji ghala, lori wala foleni. Kenya ina bahati kwamba huduma za kutuma fedha kwa simu zimeenea hadi vijijini. Mwenye duka la mtaani hunufaika pia kwa kuwa fedha huzunguka pale pale. Serikali ya kitaifa ilitumia njia hii mnamo 2020 ilipotangaza nyongeza ya Sh10 bilioni kwa wazee, mayatima na watu wengine wasiojiweza.

Lakini fedha hazina harufu wala uzito, na ni vigumu jirani kuona zilikokwenda. Shirika la kutetea haki za binadamu la Human Rights Watch, katika ripoti yake ya Julai 2021, lilieleza kwamba mpango wa fedha kwa familia za mitaa ya mabanda ya Nairobi ulifikia sehemu ndogo tu ya waliohitaji, na kwamba wakazi wengi hawakujua jinsi walengwa walivyochaguliwa.

ORODHA NDIYO KILA KITU

Ripoti hiyo inagusa kiini cha tatizo. Iwe ni unga au ni shilingi, msaada ni mzuri kwa kadiri orodha ya walengwa ilivyo nzuri.

Orodha inayoandikwa wakati wa janga huwa na kasoro zile zile. Aliye karibu na chifu huandikwa kwanza. Mpangaji asiyejulikana huachwa. Mama aliyelazwa hospitalini siku ya kuandikishwa hupitwa. Mtu mmoja huonekana mara tatu kwa majina yaliyopinduliwapinduliwa, na marehemu hupokea unga. Aidha, maradhi huunda maskini wapya. Mhudumu wa hoteli Diani au mwalimu wa shule ya kibinafsi, ambaye mwezi uliopita alikuwa akichangia wengine, hayumo katika orodha yoyote ya wahitaji.

Kwa sasa kuna chombo ambacho hakikuwepo kwa sura hii mnamo 2020. Septemba 2023, serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, wanaogharimiwa kwa pamoja na serikali ya kitaifa na kaunti. Wahudumu hawa hupita nyumba kwa nyumba, na wanajua ni wapi kuna mzee anayeishi peke yake, mama mjamzito, mgonjwa wa kisukari au mtoto mwenye utapiamlo. Orodha yao, ikilindwa kisheria ili siri za wagonjwa zisivuje, ina uwezo wa kuwa msingi bora wa msaada kuliko daftari la mwanasiasa yeyote.

HESABU BAADA YA DHIKI

Sheria haikuiachia kaunti uhuru wa kutumia fedha za dharura bila kuulizwa. Waziri wa fedha wa kaunti anatakiwa kuomba idhini ya bunge la kaunti ndani ya miezi miwili baada ya malipo kufanywa. Ndani ya miezi mitatu baada ya mwaka wa fedha kumalizika, taarifa ya hesabu za hazina hiyo inapaswa kuwasilishwa kwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Seneti nayo, kupitia kamati yake ya uhasibu, inaweza kumwita gavana kujieleza.

Utaratibu huu una kasoro moja isiyoepukika: huja baada ya tukio. Sakata ya vifaa vya Covid-19 katika Mamlaka ya Kusambaza Dawa nchini, KEMSA, ambayo ilifichuka Agosti 2020, iliwafunza Wakenya kwamba ukaguzi unaweza kutaja yaliyoharibika, lakini haurudishi siku zilizopotea. Mtoto aliyelala njaa Mei hashibi kwa ripoti ya Desemba.

Dawa ya kasoro hiyo ni uwazi wakati msaada wenyewe unagawanywa. Idadi ya pakiti zilizonunuliwa, bei ya kila moja, jina la aliyeuza na idadi ya familia zilizofikiwa katika kila wadi ni habari zinazotosha kwenye karatasi moja. Zikibandikwa kwenye ofisi ya wadi, zahanati na sokoni, wananchi watakuwa wakaguzi wa kwanza. Majina ya wapokeaji yasitangazwe, kwa kuwa umaskini si kosa la kuanikwa hadharani, lakini hesabu hazina aibu ya kufichwa.

KABLA YA JANGA JINGINE

Covid-19 haikuwa ya mwisho. Kuanzia Oktoba 2022, kipindupindu kilizuka nchini na kuenea katika kaunti kadhaa, zikiwemo za kaskazini mashariki, wakati ambapo ukame mkali ulikuwa umewaacha Wakenya zaidi ya milioni nne wakihitaji chakula. Njaa na maradhi vilitembea pamoja: mwili uliodhoofika kwa njaa hushindwa haraka na ugonjwa, na familia iliyouza mbuzi wake kwa ajili ya matibabu hubaki bila chakula.

Hatua za kujiandaa zinajulikana na hazihitaji marekebisho ya Katiba. Kila kaunti inaweza kuanzisha hazina yake ya dharura na kuitia fedha mwanzoni mwa mwaka, badala ya kuitaja tu katika vitabu. Inaweza kufanya zabuni za bei mapema, ili wauzaji wa nafaka, maharagwe na mafuta wajulikane kabla ya shida, na siku ya dharura kubaki kutoa agizo tu. Inaweza kukubaliana na kamishna wa kaunti juu ya orodha moja ya wahitaji na namna ya kuihuisha. Bunge la kaunti linaweza kuweka kanuni za kukutana kwa haraka wakati vikao vya kawaida vimezuiwa.

Hatua moja ni ya serikali ya kitaifa: kutuma mgao wa kaunti kwa wakati. Kaunti zilitengewa Sh370 bilioni katika mwaka wa fedha wa 2021/22, na kiasi hicho kimepanda tangu hapo. Lakini bilioni zisizofika kwa miezi mitatu hazina tofauti na bilioni ambazo hazipo.

Mwananchi naye ana nafasi yake. Sheria inataka umma ushirikishwe katika utayarishaji wa bajeti. Mwongozo wa sera za fedha wa kaunti hufikishwa kwa bunge la kaunti kufikia Februari 28 kila mwaka, na makadirio ya matumizi kufikia Aprili 30. Katika mikutano hiyo watu wengi huuliza kuhusu barabara, maji na basari, na wana haki ya kufanya hivyo. Wanaweza kuongeza maswali matatu mafupi. Je, kaunti yetu imeanzisha Hazina ya Dharura? Kwa sasa ina shilingi ngapi, na si kwenye makadirio bali kwenye akaunti? Na iwapo mtaa wetu utafungwa kesho kwa sababu ya maradhi, ni nani mwenye orodha ya nyumba zisizo na akiba ya chakula?

Afisa anayeweza kuyajibu maswali hayo bila kuomba muda wa kutafuta faili anatoka katika kaunti iliyojiandaa. Asiyeweza, wananchi wake wana sababu ya kuuliza tena, na kuuliza mapema, wakati masoko yangali wazi.